Umedanganywa katika biashara na unataka kufungua kesi: anza na kauli uliyoambiwa

Mleta uzi

Wakuu, katika mijadala ya watu waliopoteza fedha kwenye biashara kuna jambo linalojirudia. Mlalamikaji anaeleza kwa kirefu kiasi alichopoteza, anaeleza jinsi mwenzake alivyoacha kupokea simu, anaeleza na historia ya mtu huyo kwa watu wengine, lakini akiulizwa ni kauli gani hasa iliyomfanya akubali kusaini au kulipa, anasita. Mahakama haianzi na hasara, wala haianzi na tabia ya mtu. Inaanza na kauli: nani aliisema au kuiandika, lini, kwa nani, ilikuwa na uongo gani siku ile ilipotolewa, na kama kweli ndiyo iliyomsukuma mdai kuingia kwenye mkataba. Madai mengi ya udanganyifu hufia hapo, ingawa mdai amedhulumiwa kweli, kwa sababu hakuna aliyeketi naye wakaichambua kauli hiyo kabla hati ya madai haijaandikwa.

Tutenganishe kwanza mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Mtu aliyeahidi kufikisha mzigo tarehe fulani akashindwa amevunja mkataba. Kushindwa kwake peke yake hakumfanyi kuwa mwongo. Maelezo potofu ni jambo linalotangulia mkataba: ni taarifa ya uongo kuhusu jambo lililopo au lililopita, iliyotolewa na upande mmoja ikaushawishi upande wa pili kukubali. Tofauti hii ina uzito kwa sababu nafuu zinazotolewa na mahakama hazifanani. Kwa uvunjaji wa mkataba unadai uwekwe mahali ambapo ungekuwa kama ahadi ingetimizwa, pamoja na faida uliyoitarajia. Kwa udanganyifu unadai urudishwe mahali ulipokuwa kabla hujadanganywa. Aliyepata masharti mazuri kwenye karatasi anaweza kunufaika zaidi na njia ya kwanza, na aliyenunua kwa bei iliyokuwa kubwa mno tangu mwanzo akanufaika zaidi na ya pili. Wakili makini hupiga hesabu zote mbili kabla ya kuchagua.

Hata hivyo ahadi nayo inaweza kuficha uongo ndani yake, iwapo aliyeitoa hakuwa na nia ya kuitimiza hata wakati anaitoa. Katika kesi ya Edgington dhidi ya Fitzmaurice, iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1885, wakurugenzi wa kampuni waliomba mkopo kwa umma wakieleza kwamba fedha zingetumika kuendeleza biashara, kumbe shabaha yao ilikuwa kulipa madeni yaliyokuwa yakiwabana. Walijitetea kwamba walizungumzia mambo yajayo, na mambo yajayo hayawezi kuwa uongo. Jaji Bowen alikataa, akasema kwamba hali ya akili ya mtu ni jambo la ukweli sawasawa na hali ya mmeng'enyo wake wa chakula. Mdai katika kesi hiyo alikuwa pia na kosa lake mwenyewe, kwa kuwa aliamini kwamba mkopo wake ungekuwa na dhamana ya mali, jambo ambalo halikuwa kweli. Mahakama ilisema inatosha kwamba uongo wa wakurugenzi ulikuwa mojawapo ya sababu zilizomshawishi. Hilo ni la kukumbukwa na kila mdai anayeambiwa, "Wewe ulikuwa na sababu zako nyingine."

Kikwazo kinachofuata ni maoni. Muuzaji akisema "biashara hii ni nzuri sana" amekisifu tu anachokiuza, na hakuna mahakama itakayomhukumu kwa sifa za sokoni. Katika Bisset dhidi ya Wilkinson ya mwaka 1927, muuzaji wa ardhi nchini New Zealand alimwambia mnunuzi kwamba ardhi ile ingeweza kubeba kondoo 2,000. Haikuweza. Lakini pande zote mbili zilijua kwamba muuzaji hakuwahi kufuga kondoo kwenye eneo lile, kwa hiyo kauli yake ilihesabiwa kuwa ni makisio ya mtu asiye na ujuzi zaidi ya mnunuzi, na mnunuzi akashindwa. Linganisha na Esso dhidi ya Mardon ya mwaka 1976, ambapo mtaalamu wa kampuni ya mafuta alimkadiria mpangaji wa kituo kipya kwamba kingeuza galoni 200,000 kwa mwaka. Hesabu hiyo haikuzingatia kwamba mamlaka ya mipango miji ilikuwa imelazimisha pampu ziwekwe nyuma ya jengo, mbali na macho ya wenye magari, na mauzo ya miezi 15 ya mwanzo yakaishia galoni 78,000. Kampuni ilidai kwamba yale yalikuwa maoni tu. Mahakama ya Rufani ilisema kwamba mwenye uzoefu na taarifa zote mkononi anapotoa makadirio kwa asiye nazo, anawajibika kuyaandaa kwa uangalifu. Swali la kujiuliza, basi, ni kama msemaji alikuwa na taarifa ambazo wewe hukuwa nazo, na kama alijua kwamba unamtegemea kwa sababu hiyo.

Sasa nije kwenye kosa ninaloliona kubwa kuliko yote, nalo ni kukimbilia kuandika "udanganyifu" kwenye hati ya madai. Mstari ulichorwa mwaka 1889 na mahakama ya juu kabisa ya Uingereza katika Derry dhidi ya Peek. Kampuni ya tramu ya Plymouth ilitoa waraka wa kuuza hisa ikisema ina haki ya kuendesha tramu kwa mvuke. Kwa kweli haki hiyo ilitegemea kibali cha serikali, na wakurugenzi walichukulia kwamba kibali kingetolewa bila shida. Kikakataliwa, kampuni ikafungwa, na mnunuzi wa hisa akashtaki. Alishindwa. Lord Herschell alieleza kwamba udanganyifu unathibitika pale kauli ya uongo inapotolewa kwa kujua ni ya uongo, au bila kuiamini, au bila kujali kama ni kweli au si kweli. Wakurugenzi wale waliamini walichokiandika, hata kama hawakuwa na msingi mzuri wa kukiamini. Bunge la Uingereza lilijibu mwaka uliofuata kwa sheria ya kuwawajibisha wakurugenzi kwa maelezo ya nyaraka za hisa, lakini tafsiri ya udanganyifu ilibaki vilevile hadi leo.

Kwa mdai maana yake ni kwamba ukichagua neno "udanganyifu" umejitwisha kazi ya kuthibitisha kilichokuwa kichwani mwa mtu mwingine. Njia nyepesi mara nyingi ipo pembeni. Tangu kesi ya Hedley Byrne ya mwaka 1963, nchi nyingi zinazofuata mfumo wa sheria wa Uingereza zinatambua madai ya maelezo ya uzembe, pale panapokuwa na uhusiano wa kutegemeana kati ya msemaji na msikilizaji. Uingereza yenyewe ilikwenda mbali zaidi kwa sheria yake ya mwaka 1967, ambayo humtaka aliyetoa maelezo potofu athibitishe mwenyewe kwamba alikuwa na sababu za msingi za kuyaamini. Katika Howard Marine dhidi ya Ogden, mwaka 1978, meneja alisema matishari yake yanabeba tani 1,600 akitegemea kumbukumbu yake ya orodha maarufu ya vyombo vya majini, ambayo kumbe ilikuwa na kosa. Nyaraka za vyombo hivyo, zilizokuwa mikononi mwa kampuni yake, zilionyesha tani 1,055. Hakuna aliyemwita mwongo, na bado kampuni iliwajibika. Mdai makini huandika dai la uzembe kama msingi, na huongeza la udanganyifu pale tu ushahidi wa kujua upo kwa maandishi.

Jambo la mwisho kwa leo ni kuchagua mapema. Mkataba uliopatikana kwa maelezo potofu haufi wenyewe. Unabaki hai hadi aliyedanganywa autengue, na anaweza pia kuamua kuubakisha. Tatizo ni kwamba uamuzi wa kuubakisha unaweza kusomwa kwenye matendo yako bila wewe kutamka lolote. Katika Long dhidi ya Lloyd, mwaka 1958, mnunuzi wa lori aliambiwa lipo katika hali bora kabisa. Lilipoanza kuharibika alikubali muuzaji achangie nusu ya gharama ya kipuri, kisha akalituma safari nyingine ndefu. Mahakama ilisema kwamba kwa safari ile alikuwa ameukubali mkataba, na haki ya kuutengua ilikuwa imekwisha. Mtu anayeendelea kutumia mali, kupokea gawio au kulipa awamu baada ya kuugundua ukweli anajifungia mlango. Ukishajua, andika barua ya kutengua mkataba, eleza sababu, simamisha matumizi, na toa ahadi ya kurudisha ulichopokea.

Karibuni kwa maswali na masahihisho.

Mchangiaji wa kwanza

Shukrani kwa uzi wenye nyama, mkuu. Swali langu ni kuhusu ukimya. Nilinunua hisa katika biashara ya ubia, na mwenzangu hakutamka uongo wowote ninaoweza kuunukuu. Kila nilichouliza alijibu kwa ukweli, lakini hakuniambia kwamba mteja aliyekuwa akileta sehemu kubwa ya mapato alikuwa ameshatoa notisi ya kuondoka. Je, hapo kauli iko wapi?

Mleta uzi

Swali lako ni gumu kuliko linavyoonekana, ndugu, na jibu linategemea ulikuwa ukiuliza nini. Kanuni ya jumla katika mfumo wa Uingereza ni kwamba kunyamaza si kudanganya, na mfanyabiashara halazimiki kumfichulia mwenzake kasoro za anachouza. Kanuni hiyo ina mianya, na ndiyo unayopaswa kuipima dhidi ya maelezo yako.

Mwanya wa kwanza ni nusu ya ukweli. Katika Dimmock dhidi ya Hallett, ya mwaka 1866, muuzaji wa ardhi alieleza kwamba mashamba yalikuwa na wapangaji, jambo ambalo lilikuwa kweli, ila hakusema kwamba wapangaji hao walikuwa wameshatoa notisi ya kuhama. Mahakama iliona hayo ni maelezo potofu. Ukitazama vizuri, hali hiyo inakaribiana mno na yako: kama alikupa orodha ya wateja au hesabu za mapato zilizomjumuisha mteja huyo bila kutaja notisi, basi kauli unayo, nayo ni orodha hiyo.

Mwanya wa pili ni mabadiliko. With dhidi ya O'Flanagan, mwaka 1936, ilihusu daktari aliyekuwa akiuza kliniki yake. Mwezi Januari alisema inaingiza pauni 2,000 kwa mwaka, na wakati huo ilikuwa kweli. Akaugua, wagonjwa wakatawanyika, na mkataba uliposainiwa mwezi Mei mapato yalikuwa yamebaki kidogo mno. Kwa kuwa kauli ya Januari iliendelea kufanya kazi kichwani mwa mnunuzi hadi siku ya kusaini, daktari alipaswa kuisahihisha. Kwa hiyo angalia tarehe: maelezo ulipewa lini, na notisi ya mteja ilitolewa lini.

Mwanya wa tatu ni uhusiano wenyewe. Wabia wanadaiana uwazi kuliko muuzaji na mnunuzi wa kawaida, na bima ni mfano mwingine unaojulikana. Ikumbukwe pia kwamba si kila nchi inaanza na kanuni hiyo ya ukimya. Ufaransa, kwa marekebisho ya mwaka 2016 ya sheria yake ya mikataba, imeandika wazi kwamba kuficha kwa makusudi taarifa ambayo mtu anajua ni ya uamuzi kwa mwenzake ni hila inayotengua mkataba.

Mchangiaji wa pili

Mimi ni wakili, na kwa heshima zote naomba nimrekebishe mleta uzi mahali pawili, kwa sababu wasomaji wengi hapa wataishia kwenye mahakama ambazo hazifuati Uingereza neno kwa neno.

Pa kwanza ni uangalifu wa mdai. Uingereza ina msimamo wa huruma kwa aliyedanganywa. Katika Redgrave dhidi ya Hurd, mwaka 1881, mnunuzi wa nyumba na sehemu ya ofisi ya mwanasheria alipewa karatasi za mapato akazitazama juujuu tu. Angezisoma angegundua kwamba mapato hayafiki kiwango alichoambiwa. Mahakama ilisema kwamba aliyesema uongo hawezi kujitetea kwa hoja kwamba mwenzake alikuwa na nafasi ya kuugundua. Sasa chukua Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, ambayo Tanzania iliufuata mfano wake katika Sheria yake ya Mikataba, Sura ya 345. Kifungu cha 19 kina kighairi: pale maelezo yalipokuwa potofu bila hila, au pale udanganyifu ulipokuwa wa kunyamaza, mkataba hautenguliwi kama mdai alikuwa na njia ya kuugundua ukweli kwa uangalifu wa kawaida. Kenya iliachana na sheria hiyo ya India na kuchukua kanuni za mikataba za Uingereza. Kesi moja, nchi mbili, na swali la "kwa nini hukukagua?" linaweza kuwa na uzito tofauti kabisa. Hilo pia linamgusa mchangiaji wa kwanza: ukitegemea ukimya mahali penye kighairi hicho, jiandae kueleza kwa nini hukuweza kumuuliza mteja mwenyewe.

Kuna upande mwingine wa jambo hilo, nao unakubalika kila mahali. Ukiamua kukagua kwa watu wako mwenyewe na ukawategemea wao, umeiacha kauli ya muuzaji. Ndivyo ilivyokuwa katika Attwood dhidi ya Small, mwaka 1838, ambapo wanunuzi wa migodi walituma wataalamu wao wakaithibitisha kauli ya muuzaji kimakosa, na wakashindwa kesi.

Pa pili ni kiwango cha uthibitisho. Uingereza imeshasisitiza, kwa uamuzi wa mahakama yake ya juu wa mwaka 2008, kwamba kesi za madai zina kiwango kimoja tu, mizani ya uwezekano, yaani upande upi una uwezekano zaidi wa kuwa wa kweli. Afrika Mashariki ilichukua njia nyingine mapema. Katika Ratilal Gordhanbhai Patel dhidi ya Lalji Makanji, ya mwaka 1957, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilisema kwamba madai ya udanganyifu yathibitishwe kikamilifu; uthibitisho haufiki kiwango cha jinai, lakini unatakiwa kuwa zaidi ya mizani ya uwezekano ya kawaida. Uamuzi huo bado unanukuliwa. Unaongeza nguvu kwenye hoja ya mleta uzi kwamba neno "udanganyifu" lina gharama, na mimi ningeongeza kwamba lina gharama hata kwa wakili, kwa kuwa maadili ya taaluma yanatukataza kuandika shutuma hizo bila ushahidi wa kuaminika mkononi. Tena hati ya madai lazima itaje undani wake. Mahakama za shirikisho za Marekani zina kanuni ya 9(b) inayodai hivyo hivyo, na mawakili wa huko huifupisha kwa maswali ya nani, nini, lini, wapi na vipi.

Mleta uzi

Wakili msomi, masahihisho yamepokelewa, na hilo la kighairi cha kifungu cha 19 lingestahili uzi wake. Ningeomba tu uwaeleze wasomaji kuhusu polisi, kwa sababu wengi huanzia huko.

Mchangiaji wa pili

Kuripoti jinai ni haki ya kila mtu, na wakati mwingine ni lazima, hasa pale panapokuwa na nyaraka za kughushi au waathirika wengi. Lakini kesi ya jinai ni ya Jamhuri au ya serikali, kiwango chake ni kuthibitisha bila kuacha shaka ya msingi, na lengo lake ni adhabu. Mahakama inaweza kuamuru fidia, ila ukitegemea hilo peke yake unaweza kumwona mtu amefungwa na fedha zako hazijarudi. Njia hizi mbili zinaweza kwenda pamoja katika nchi nyingi, ingawa mahakama ya madai huweza kusimamisha kesi yake ikisubiri ya jinai.

Onyo langu ni kuhusu barua za vitisho. Usimwandikie mtu kwamba asipolipa kufikia tarehe fulani utampeleka polisi. Barua ya namna hiyo inaweza kugeuzwa kuwa ushahidi dhidi yako, kwamba ulitumia tishio la jinai kujipatia fedha. Barua ya madai itaje kauli, uongo wake, hasara, na kesi ya madai utakayofungua, basi.

Mchangiaji wa tatu

Wakuu, mimi tatizo langu ni mkataba wenyewe. Una kifungu kinachosema kwamba mkataba huu ndio makubaliano yote kati ya pande mbili na kwamba hakuna maelezo mengine yoyote niliyoyategemea. Uongo niliambiwa kwa mdomo na kwa ujumbe wa simu kabla ya kusaini. Halafu kampuni iliyoniuzia sasa haina kitu. Akaunti zimekauka na mkurugenzi amefungua kampuni nyingine yenye jina linalofanana. Kuna maana ya kuendelea?

Mleta uzi

Kifungu hicho kinaogopesha kuliko kinavyofanya kazi. Mwaka 1907, katika Pearson dhidi ya Halmashauri ya Dublin, mahakama ya juu ya Uingereza ilikataa kumruhusu mtu ajifiche nyuma ya kifungu cha mkataba kwa udanganyifu wake mwenyewe. Kwa hiyo ikiwa una ushahidi wa kujua, kifungu hakimlindi. Pale madai yanapokuwa ya uzembe tu ndipo kinapoweza kukuumiza, hasa ikiwa pande zote mbili ni wafanyabiashara wazoefu waliokuwa na mawakili. Hii ni moja ya hali chache ambazo dai la udanganyifu lenyewe linageuka kuwa na thamani, na inafaa mzigo wake wa uthibitisho ubebwe.

Kuhusu kampuni iliyokauka, hapa kuna habari njema ambayo watu hawaitumii. Wengi wanafikiri ni lazima wapasue kinga ya kampuni, yaani kanuni kwamba deni la kampuni si la mtu binafsi aliye nyuma yake, ili kumfikia mkurugenzi. Kwa udanganyifu si lazima. Mwaka 2002, katika kesi ya Standard Chartered dhidi ya Pakistan National Shipping, mahakama ya juu ya Uingereza iliamua kwamba mkurugenzi aliyesema uongo ili benki itoe malipo anawajibika yeye binafsi, kwa sababu uongo ni wake, hata kama aliusema kwa niaba ya kampuni. Uamuzi huohuo ulisema kwamba mwongo hawezi kupunguziwa fidia kwa hoja kwamba mdai naye alikuwa na uzembe. Kwa hiyo rudi kwenye ujumbe wako wa simu na uangalie nani aliuandika. Kama ni mkurugenzi, mshtaki pamoja na kampuni.

Fidia nayo ni pana zaidi kwenye udanganyifu. Tangu Doyle dhidi ya Olby ya mwaka 1969, aliyedanganya hulipa hasara yote iliyotokana moja kwa moja na uongo wake, hata ile ambayo hakuitarajia. Smith New Court, ya mwaka 1996, ilifika mbali: mnunuzi alishawishiwa kwa uongo kununua hisa, kisha hisa hizo zikaporomoka kwa sababu ya udanganyifu mwingine usiohusiana na muuzaji, na bado muuzaji alilipa tofauti yote, zaidi ya pauni milioni 10.

Wakili msomi atusaidie kuhusu mali zinazohamishwa.

Mchangiaji wa pili

Mali ikianza kuhamishwa, kesi ya kawaida ni polepole mno. Tangu mwaka 1975 mahakama za mfumo wa Uingereza zimekuwa zikitoa amri ya kuzuia mali zisihamishwe kabla ya hukumu, iliyopewa jina la kesi ya Mareva. Unaweza kuiomba bila kumjulisha mdaiwa, na ndiyo maana inatolewa kwa masharti makali: uonyeshe dai lenye nguvu, uonyeshe hatari halisi kwamba mali zitatoweka, uahidi kumlipa mdaiwa hasara ikibainika kwamba amri haikustahili, na umweleze jaji kila jambo muhimu, hata yale yanayokuumiza. Sharti hili la mwisho ndilo linalowaangusha wengi. Mdai anaficha barua pepe moja inayomwonyesha alikuwa na shaka kabla ya kusaini, mdaiwa anaileta wiki inayofuata, na amri inafutwa bila hata kujadili kama dai lilikuwa la kweli. Hofu ya mali kutoweka lazima iwe na kitu cha kushika, na kampuni mpya yenye jina linalofanana, iliyosajiliwa baada ya barua yako ya madai, ni ushahidi mzuri. Chukua taarifa za usajili wake leo.

Usipojua fedha zilikwenda wapi, mahakama inaweza kumwamuru mtu wa tatu aliyejikuta ndani ya jambo hili, kwa mfano benki, atoe taarifa. Msingi wake ni kesi ya Norwich Pharmacal ya mwaka 1974.

Mchangiaji wa nne

Nimefanya kazi ya kuandaa nyaraka za kesi kwa muda mrefu, na ningependa kuongeza neno kuhusu vielelezo, kwa sababu hapo juu vimetajwa kwa mbali. Picha ya skrini si ushahidi wa kutosha ukibishaniwa. Hifadhi simu yenyewe, toa mazungumzo yote tangu mwanzo hadi mwisho, na usifute hata sehemu zinazokutia aibu, maana mwenzako anazo. Yaliyosemwa kwa mdomo yaandike mara moja na umtumie aliyeyasema kwa barua pepe, ukisema "nathibitisha tulivyozungumza". Akinyamaza bila kukanusha, umepata kitu.

Watu hukusanya nyaraka za mdaiwa na kusahau za kwao. Ushahidi kwamba uliitegemea kauli uko kwenye makabrasha yako mwenyewe: hesabu uliyopiga ukitumia takwimu alizokupa, muhtasari wa kikao ambapo mlijadili bei, maombi ya mkopo uliyoyapeleka benki ukinukuu mapato aliyokutajia. Karatasi moja kama hiyo, iliyoandikwa kabla ya ugomvi, ina nguvu kuliko kiapo kirefu kilichoandikwa baada yake.

Mchangiaji wa kwanza

Nashukuru wote. Swali la mwisho: niligundua suala la mteja muda mrefu baada ya kununua hisa. Je, muda haujaniishia?

Mchangiaji wa pili

Muda wa madai ya udanganyifu kwa kawaida hauhesabiwi tangu siku ya mkataba. Uingereza inatoa miaka 6, na sheria yake ya mwaka 1980, kifungu cha 32, inasema saa haianzi hadi udanganyifu ugunduliwe au hadi siku ambayo ungeweza kugunduliwa kwa uangalifu wa kawaida. Sheria za ukomo za Kenya na Tanzania zina kanuni ya aina hiyo kwenye kifungu cha 26 cha kila moja, ila angalia kundi la dai lako, kwa sababu muda wa madai ya mkataba na wa madai ya madhara (makosa yasiyotokana na mkataba, kama udanganyifu na uzembe) si mmoja. Ufaransa ni miaka 5 tangu kugundua. Ujerumani inabana zaidi: aliyedanganywa ana mwaka 1 tu tangu agundue kuutengua mkataba.

Zingatia lakini kwamba ukomo wa kufungua kesi na haki ya kutengua mkataba ni mambo mawili. Unaweza kuwa na miaka mingi ya kudai fidia, na ukawa umeshapoteza haki ya kutengua kwa kuendelea kupokea gawio baada ya kujua. Kwa hiyo kabla ya kunitafuta mimi au wakili mwingine, andika tarehe tatu kwenye karatasi moja: siku uliyopewa orodha ya wateja, siku mteja alipotoa notisi, na siku wewe ulipojua. Kisha weka kando ya tarehe ya tatu kila malipo uliyopokea kutoka kwenye ubia huo tangu hapo.